Mwanga, Uoto wa Chini na Kujizalisha kwa Misitu ya Misonobari: Ufafanuzi wa Chanzo cha Uhaba wa Maotea

Ikisiri

Katika misitu mingi ya misonobari ya kaskazini mwa dunia, miti mikongwe ipo na mbegu hudondoka, lakini miti michanga ni haba. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba msonobari ni mti wa jua, hivyo maotea yake hufa kwa kukosa mwanga chini ya wazazi wake. Makala haya yanafafanua kwa nini maelezo hayo hayatoshi. Kwa kutumia Pinus sylvestris kama kisa kikuu, yanaonesha kwamba uoto wa chini ndio unaoamua kwanza kama mche utapatikana, kwamba mwanga huamua kasi ya kukua kwa mche uliokwisha kushika ardhi, na kwamba sehemu kubwa ya athari inayohesabiwa kuwa ya kivuli ni ushindani wa mizizi. Sehemu ya mwisho inajadili namna ya kutenganisha visababishi hivyo katika utafiti, hususan karibu na Ikweta.

Utangulizi

Misonobari ni kundi la miti lenye spishi zaidi ya 100, na makazi yake ya asili yako kaskazini mwa Ikweta. Spishi moja tu, Pinus merkusii, huvuka mstari huo bila kupandwa na binadamu, tena kwa umbali mdogo, katika milima ya Sumatra. Kusini mwa Sahara hakuna msonobari wa asili. Msomaji wa Afrika Mashariki anaufahamu mti huu kupitia mashamba ya miti kama Sao Hill wilayani Mufindi, ambako Pinus patula, mti wa nyanda za juu za Meksiko, hupandwa kwa mistari kutokana na miche iliyolelewa kitaluni. Katika shamba la namna hiyo, hatua mbili ngumu zaidi katika maisha ya mti, yaani kuota na kuvuka mwaka wa kwanza, hupitiwa chini ya uangalizi wa binadamu, na baada ya hapo palizi huondoa washindani. Msitu wa asili hauna kitalu wala mpaliliaji. Kila mti uliosimama humo ulipita hatua hizo peke yake, na iwapo hatua hizo zimezibwa, msitu unaweza kuonekana mzima kwa karne nzima huku ukiwa umekwisha kukosa warithi.

Kisa kinachotumika hapa ni cha Pinus sylvestris, msonobari wenye eneo kubwa zaidi la asili kuliko wowote mwingine, kuanzia Hispania na Uskoti hadi mashariki ya Siberia. Umechaguliwa kwa sababu watafiti wa Ujerumani, Uswidi, Ufini na Uskoti wameuchunguza kwa zaidi ya miaka 100, na kwa sababu mabishano yao yanaonesha waziwazi jinsi swali linaloonekana jepesi linavyoweza kupewa jibu lisilo sahihi kwa muda mrefu. Mifano michache kutoka Marekani inaongezwa pale inapotoa ushahidi ambao kaskazini mwa Ulaya haukutoa.

Istilahi tatu zinahitaji kubainishwa. Maotea ni miche iliyoota yenyewe kutokana na mbegu zilizodondoka, bila kupandwa. Uoto wa chini ni jumla ya mimea inayofunika sakafu ya msitu: vigoga, yaani mimea midogo laini isiyo na mizizi halisi, inayotanda kama zulia la kijani, kuvumwani, yaani muungano wa kuvu na mwani ambao katika misitu hii huwa na rangi ya kijivu au nyeupe, vichaka vifupi, na nyasi. Mwanga una maana ya sehemu ya mnururisho wa jua inayokifikia kimo cha mche, ikilinganishwa na ile inayofika juu ya vilele vya miti.

Mbegu ndogo juu ya sakafu nene

Mbegu ya Pinus sylvestris ina uzito wa takriban miligramu 4 hadi 7. Koni huchukua karibu miaka miwili tangu uchavushaji hadi kuachia mbegu, na mbegu hizo hutoka katika majira ya kuchipua, jua na hewa kavu vinapoyafungua magamba ya koni. Zikiwa na kibawa chembamba, hupeperushwa na upepo, ingawa nyingi huanguka ndani ya makumi machache ya mita kutoka kwenye mti mzazi. Akiba ya chakula iliyomo katika mbegu ya uzito huo ni ndogo mno. Mzizi wa kwanza una wiki chache tu za kuufikia unyevu wa kudumu kabla akiba haijakwisha na kabla joto la kiangazi halijalikausha tabaka la juu.

Ugumu ni kwamba mbegu haiangukii udongo. Katika nchi za baridi mabaki ya mimea huoza polepole, na juu ya udongo wa madini hujilimbikiza tabaka la mboji mbichi lenye tindikali, ambalo juu yake tena hutanda zulia la vigoga. Kigoga hunywa maji ya mvua kwa majani yake na huyapoteza upesi jua linapotoka. Mbegu iliyonaswa kati ya vikonyo vyake inaweza kuota vizuri baada ya mvua ya siku mbili, na mzizi ukaning'inia ndani ya zulia lililokauka wiki inayofuata. Mboji iliyo wazi nayo ina hatari yake. Kwa kuwa ni nyeusi na yenye vinyweleo vingi, haipitishi joto kwenda chini. Siku ya jua kali uso wake unaweza kuvuka nyuzi 50 za Selisiasi, kiasi cha kuuchoma mche pale shina linapotoka ardhini. Mche uliokufa hivyo hulala upande mmoja ukiwa bado na majani ya kijani, na mtazamaji asiyeinama kuukagua atadhani umekatwa na mdudu.

Udongo wa madini uliofunuliwa ni kitanda bora zaidi cha kuotea. Maji hupanda ndani yake kutoka tabaka za chini, joto husambaa badala ya kujikusanya juuni, na mzizi hukutana na chembe zinazoushika. Hata hivyo, haupaswi kusifiwa kupita kiasi. Una naitrojeni kidogo kuliko mboji, hivyo miche huota kwa wingi lakini inaweza kukua taratibu. Na pale udongo ulipo laini na wenye maji, barafu ya usiku huunyanyua na kuung'oa mche pamoja na mizizi yake. Ndiyo sababu wataalamu wa Uswidi na Ufini hupendelea kuikwaruza sakafu kwa mistari au mabaka, wakiacha mboji karibu na udongo uliofunuliwa, kuliko kuiondoa yote. Faida nyingine ya mabaka hayo haikutarajiwa mwanzoni: fukusi wa misonobari, Hylobius abietis, mdudu anayetafuna gome la miche michanga, huharibu kidogo miche iliyozungukwa na udongo mtupu kuliko ile iliyozungukwa na mboji na mimea.

Jambo moja linajitokeza tayari hapa. Katika wiki za kwanza mwanga mwingi unaweza kuwa adui, na kivuli chepesi kikaokoa mche kwa kupunguza joto na ukavu. Kanuni isemayo kwamba msonobari unahitaji jua haielezi umri ambao hitaji hilo linaanza.

Uoto wa chini si kitu kimoja

Kuuita uoto wa chini «kizuizi» bila kubainisha aina yake ni kosa linalorudiwa mara nyingi, kwa maana kila kundi huzuia kwa njia yake, na mengine husaidia.

Kigoga Pleurozium schreberi, ambacho hutawala sakafu ya misitu mingi ya kaskazini, huishi pamoja na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. DeLuca na wenzake (2002) walikadiria kwamba ushirika huo huingiza kilo 1.5 hadi 2 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Kwa mfumo wenye ufukara wa naitrojeni, hicho ni kiasi kikubwa. Lakini naitrojeni hiyo hubaki kwa muda mrefu ndani ya kigoga chenyewe na mboji iliyo chini yake, ambako mzizi wa mche wa mwaka mmoja haupati mengi. Kuvumwani za jenasi Cladonia, zinazofunika nyanda kavu za mchanga, haziushindi mche kwa mizizi kwa kuwa hazina mizizi. Madhara yake ni ya kimwili. Zulia lake hunywea na kupasuka linapokauka, kisha huvimba linaponyeshewa, na mwendo huo unaorudiarudia huilegeza miche ambayo mizizi yake haijashuka. Hesselman, aliyezichunguza nyanda hizo kaskazini mwa Uswidi katika miaka ya 1910, aliona pia kwamba tatizo haliwezi kuelezwa kwa ukame peke yake, na akaelekeza macho kwenye upatikanaji wa naitrojeni.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Empetrum hermaphroditum, kichaka kifupi chenye majani membamba ya kijani wakati wote wa mwaka. Pale kinapotanda, maotea ya msonobari huwa machache na dhaifu, hata kama msitu ni wa wazi na mwanga ni wa kutosha. Je, kichaka hicho kinanyang'anya maji na virutubisho, au kinatia sumu ardhini? Nilsson (1994) aliyatenganisha maswali hayo mawili uwandani kwa mbinu rahisi. Ili kuzuia mizizi ya kichaka isiifikie miche, aliiotesha miche ndani ya mirija ya plastiki iliyozamishwa ardhini. Ili kuondoa kemikali, alinyunyiza unga wa mkaa wenye uwezo wa kufyonza misombo ya fenoli. Na katika viwanja vingine alifanya yote mawili au hakufanya lolote. Miche ilikua vibaya zaidi pale vizuizi vyote viwili vilipoachwa, na vizuri zaidi pale vyote vilipoondolewa. Kila kimoja kilikuwa na athari yake. Kemikali inayohusika zaidi, batatasini-III, hutoka kwenye majani ya kichaka hicho na hubaki ardhini pamoja na majani makavu yanayooza polepole.

Matokeo hayo yanafungua mlango wa historia. Zackrisson (1977) alionesha kutokana na makovu ya moto kwenye mashina kwamba misitu ya misonobari ya kaskazini mwa Uswidi iliungua mara kwa mara kabla uzimaji wa moto haujaenea mwishoni mwa karne ya 19. Gome nene la msonobari mkubwa huustahimili moto wa ardhini, Empetrum haiustahimili. Moto uliteketeza kichaka, ulipunguza mboji, ulifunua udongo, na uliacha mkaa. Utafiti wa baadaye wa Zackrisson, Nilsson na Wardle (1996) ulibainisha kwamba mkaa huo wa asili hufanya kazi ileile ya unga wa mkaa wa majaribio, yaani kufyonza fenoli, na kwamba uwezo huo hupungua kadiri mkaa unavyozeeka. Kwa hiyo msitu usioungua kwa muda mrefu haubaki ulivyo. Sakafu yake hubadilika taratibu kuelekea hali inayowakataa watoto wa miti inayousimamisha, na hakuna sehemu ya mabadiliko hayo inayohitaji mwanga upungue.

Mtaro wa Fricke

Mwaka 1904 mtaalamu wa misitu wa Ujerumani, Karl Fricke, alichapisha makala iliyoshambulia mgawanyo wa miti kuwa ya mwanga na ya kivuli, akiuita fundisho lisilo na msingi wa kisayansi. Ushahidi wake ulikuwa mtaro. Alichukua vikundi vya misonobari midogo iliyodumaa chini ya misonobari mikubwa, akachimba kuizunguka na kuikata mizizi ya miti mikubwa iliyopita chini yake. Vilele havikuguswa, na hakuna mwanga ulioongezeka. Hata hivyo, udongo ndani ya mtaro ulibaki na unyevu mwingi kuliko wa nje, misonobari midogo ikaanza kukua kwa nguvu, na mimea mingine ikachipua mahali palipokuwa patupu.

Matokeo ya namna hiyo yalipatikana tena mbali na Ujerumani. Toumey na Kienholz (1931) walichimba mitaro chini ya misonobari ya Pinus strobus huko New Hampshire, Marekani, na baada ya miaka kadhaa viwanja vilivyozungushiwa mitaro vilikuwa vimejaa mimea, vikiwemo vichanga vya miti, wakati viwanja vya kulinganishia vilivyokuwa hatua chache kutoka hapo vilibaki karibu vitupu chini ya mwanga uleule. Kabla yao, Aaltonen (1919) alikuwa ameeleza hali ya Lapi ya Ufini, ambako misitu kavu ya misonobari ni ya wazi kiasi kwamba kivuli hakiwezi kulaumiwa, lakini maotea hayapatikani karibu na mashina makubwa na hujikusanya kwenye mapengo. Alihitimisha kwamba kinachoyaweka mbali ni mizizi.

Ushahidi huo una nguvu, ila haupaswi kuchukuliwa kana kwamba umefunga mjadala. Mizizi iliyokatwa haitoweki. Hufa, huoza, na huachia naitrojeni ndani ya mtaro, hivyo sehemu ya ukuaji unaoonekana inaweza kuwa ni athari ya mbolea inayodumu kwa miaka michache. Mtaro hukata pia nyuzi za kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya misonobari na kuisaidia kupata maji na virutubisho, na ni vigumu kujua mche umepoteza nini kwa kutenganishwa na kuvu hao. Mtafiti anayechimba mtaro na kupima urefu wa miche baada ya misimu miwili tu hajapima ushindani peke yake. Toumey na Kienholz walifuatilia viwanja vyao kwa miaka mingi, na uzito wa hoja yao unatokana na muda huo kuliko idadi ya viwanja.

Kazi halisi ya mwanga

Yaliyoelezwa hayamaanishi kwamba mwanga ni jambo dogo. Mche ukishavuka misimu miwili au mitatu na mizizi yake ikashuka, mwanga huwa ndio kipimo cha kasi yake. Pinus sylvestris katika kivuli hupunguza urefu wa chipukizi la juu kabla ya kupunguza matawi ya pembeni, hivyo hupata umbo bapa kama mwavuli. Hubeba sindano chache. Na shina lake huwa jembamba kuliko urefu wake. Mti mwingine wa kaskazini, Picea abies, unaweza kusubiri katika kivuli kwa miongo mingi na bado ukainuka pengo linapofunguka. Msonobari hausubiri hivyo. Ukicheleweshwa mno hupoteza uwezo wa kuitikia, na mara nyingi Picea iliyoota chini yake ndiyo inayourithi msitu katika ardhi yenye rutuba.

Inafaa kukumbuka pia kwamba vilele vya misonobari iliyopevuka ni vyepesi. Mwanga unaopenya ni mwingi kuliko katika msitu wa Picea wa umri uleule, na hutua sakafuni kwa madoa yanayohama kadiri jua linavyosogea. Wastani wa siku nzima unaweza kutosha kuuweka mche hai bila kutosha kuuinua. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia: mtazamaji huona miche iliyodumaa, huangalia juu, huona vilele, na huhitimisha kwamba amekipata chanzo. Mizizi haionekani.

Mwanga huwalisha pia washindani

Kama mwanga na uoto wa chini vingekuwa visababishi viwili vinavyojitegemea, ingetosha kushughulikia kimoja baada ya kingine. Havijitegemei. Vichaka na nyasi vilivyo sakafuni navyo ni mimea ya usanisinuru, na mwanga unaoruhusiwa kupita kwa kukata miti huvifikia kabla ya kuufikia mche ambao bado haujaota.

Nyasi Avenella flexuosa ni mfano ulio dhahiri. Chini ya msitu uliofunga huishi ikiwa na majani machache na hutoa maua kwa nadra. Miti ikikatwa hutanda ndani ya miaka michache na kufanya mkeka mzito wa mizizi myembamba palepale ambapo mzizi wa mche ungepita. Kwa sababu hiyo utaratibu wa kuacha miti ya mbegu, unaotumika Uswidi na Ufini kwa kubakiza takriban miti 50 hadi 150 kwa hekta ili ipande msitu mpya, hupendekezwa kwa ardhi kavu na maskini, ambako nyasi ni dhaifu, na hukwepwa kwenye ardhi yenye rutuba. Hata kwenye ardhi maskini, ukwaruzaji wa sakafu hufanywa karibu na mwaka unaotarajiwa kuwa na mbegu nyingi, kwa kuwa udongo uliofunuliwa hufunikwa tena na mimea. Dirisha ni la miaka michache. Kufungua mwanga miaka mitano kabla ya mbegu kufika ni kuwapalilia washindani.

Kisa cha Arizona kinathibitisha jambo hilo kutoka upande mwingine. Misitu ya Pinus ponderosa ya kusini-magharibi mwa Marekani ilikuwa ya wazi na yenye jua tele, na bado maotea yalikuwa adimu kwa miaka mingi. Kisha yalitokea kwa wingi usio wa kawaida mwaka 1919. Pearson, aliyekuwa akifanya utafiti katika kituo cha Fort Valley, aliandika habari za tukio hilo kwa kina. Mwaka 1918 ulikuwa na mbegu nyingi, na mwaka uliofuata mvua ilikuja mapema na kwa kutosha. Sharti la tatu halikutokana na hali ya hewa: kwa miongo kadhaa mifugo ilikuwa imezila nyasi hadi kuzidhoofisha, na kwa kukosa nyasi kavu moto wa ardhini ulikuwa umepungua. Mwanga haukubadilika. Kilichobadilika ni sakafu, maji na mbegu, vyote kwa pamoja, na matokeo yake yakawa vichaka vya misonobari iliyosongamana ambayo mameneja wa misitu wanahangaika nayo hadi leo kwa hofu ya moto mkubwa.

Uskoti na maotea yaliyojificha

Misitu ya asili ya misonobari ya Uskoti imebaki kuwa vipande vilivyotawanyika. Steven na Carlisle walipoieleza katika kitabu chao cha 1959, walibainisha misitu 35, mingi ikiwa na miti mizee iliyosimama mbalimbali juu ya vichaka vya Calluna vulgaris na Vaccinium myrtillus. Mwanga ulikuwa mwingi kupita kiasi, na miti michanga haikuwepo. Palikuwa na sababu ya kuulaumu uoto wa chini, kwa kuwa Calluna iliyozeeka hufanya tabaka nene ambalo mbegu haifiki chini yake, na mizizi yake ina kuvu wake wenyewe wanaoushinda msonobari katika mboji yenye tindikali.

Lakini palipopunguzwa paa wekundu, kama katika bonde la Glen Feshie tangu miaka ya 2000, miche ilianza kuonekana bila ardhi kulimwa wala kuchomwa. Sehemu yake haikuwa mipya. Ilikuwemo ndani ya vichaka siku zote, ikiliwa kila ilipotokeza juu yake, na hivyo ikabaki na kimo kilekile cha kichaka kwa miaka mingi. Kichaka kilichodhaniwa kuwa kizuizi kilikuwa pia maficho. Kisa hiki hakibatilishi hoja ya uoto wa chini. Maotea hayo yalikuwa machache na yaliota zaidi penye mabaka yaliyofunuliwa. Kinaonya tu kwamba hesabu ya miche inayoonekana kwa mbali si hesabu ya miche iliyopo, na kwamba utafiti usio na viwanja vilivyozungushiwa uzio unaweza kuipa mimea lawama ya wanyama.

Kuvitenganisha visababishi uwandani

Vipimo vya mwanga ni rahisi kupatikana. Picha za lenzi pana zinazopigwa kuelekea angani na vihisi vinavyorekodi kila dakika hutoa takwimu nyingi kwa gharama nafuu, na takwimu nyingi huvuta maelezo upande wake. Ushindani wa mizizi hauna kifaa cha namna hiyo. Katika latitudo za juu, hata hivyo, jiometri ya pengo la msitu humsaidia mtafiti. Kwenye latitudo ya digrii 65 kaskazini, adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote, jua huwa digrii 48 tu juu ya upeo, na mti wa mita 20 huangusha kivuli cha takriban mita 18 kuelekea kaskazini. Eneo lenye mwanga mwingi zaidi kwa hiyo halipo katikati ya pengo, bali limesogea upande wa kaskazini. Mizizi haifuati jua. Ushindani wake ni mdogo zaidi katikati, na huongezeka kuelekea kila ukingo. Ikiwa miche imejikusanya kaskazini, mwanga unaongoza. Ikiwa imejikusanya katikati, mizizi ndiyo inayoongoza. Brockway na Outcalt (1998) walipochunguza mapengo ya misitu ya Pinus palustris huko Florida, walikuta maotea katikati, yakiwa yamezungukwa na ukanda usio na miche wenye upana wa mita 12 hadi 16 kutoka kwenye miti mikubwa, na mpangilio wa mwanga haukuueleza ukanda huo.

Njia hiyo haihamishiki moja kwa moja kwenda Mufindi. Huko, takriban digrii 8 kusini mwa Ikweta, msimu wa mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, wakati ambapo jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Mwishoni mwa Desemba mti wa mita 20 huangusha kivuli cha adhuhuri cha mita 5 na ushei tu, tena kuelekea kaskazini kwa kuwa jua liko kusini. Kufikia Aprili jua limehamia kaskazini na kivuli kimegeuka. Katika msimu wote wa ukuaji eneo lenye mwanga mwingi na eneo lenye mizizi michache hukaribiana katikati ya pengo. Mtafiti akikuta miche hapo, mpangilio wake hautamwambia lolote kuhusu chanzo.

Suala hili lina uzito wa kiutendaji kusini mwa Ikweta, kwa kuwa Pinus patula haikubaki ndani ya mistari. Koni zake nyingi hukaa zimefunga mtini kwa miaka na hufunguka kwa joto, hivyo moto hudondosha mbegu nyingi kwa wakati mmoja juu ya ardhi iliyotoka kufunuliwa. Katika mlima Mulanje nchini Malawi msonobari huu umesambaa nje ya maeneo ulikopandwa, ukaingia kwenye nyasi za mlimani na kandokando ya mabaki ya mwerezi wa Mulanje, Widdringtonia whytei. Anayetaka maotea yarithi shamba baada ya uvunaji, na anayetaka yasivuke mpaka wa hifadhi, wanahitaji kujua jambo lilelile: kama kinachoyaruhusu ni mwanga uliofunguliwa au sakafu iliyofunuliwa. Wakikosea, wa kwanza atakata miti na kuvuna nyasi, na wa pili atang'oa miche kila mwaka huku moto ukiendelea kuiandalia mingine kitanda.

Kwa mazingira hayo jaribio linalofaa ni lile linalogawa kila pengo katika viwanja vidogo, vingine vikizungushiwa mtaro na vingine la, kila kundi likiwa na sehemu yenye uoto wa chini na sehemu iliyokwaruzwa, chini ya mwanga kamili na chini ya chandarua cha kivuli. Mbegu zihesabiwe na zipandwe kwa mkono ili tofauti ya mdondoko isiingie katika matokeo. Viwanja vizungushiwe uzio. Mitaro ifunguliwe upya kila msimu mizizi inaporudi. Vipimo viendelee angalau misimu mitatu ya mvua, kwa kuwa mche uliokufa kwa joto wiki ya pili na mche uliodumaa kwa kivuli mwaka wa tatu hauhesabiwi katika jedwali moja.